Mchimbaji Anahama, Faili Linabaki



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sana sisi wakazi wa Shinyanga na Geita, yaani kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali zetu kubwa.

Mdogo wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alianza dawa za kifua kikuu akiwa Nyarugusu, Geita. Mwezi wa tatu, aliposikia rashi imetoka Mwakitolyo, Shinyanga, aliondoka na wenzake bila kuaga kliniki. Kosa hilo ni lake. Daftari lake la matibabu nalo lililowa maji duarani, likaharibika kabisa.

Alipozidiwa nilimpeleka katika hospitali moja kubwa. Mapokezi waliandika jina lake, maabara wakaliandika upya, chumba cha eksirei vivyo hivyo, na dirisha la malipo pia. Kila mahali pana rejesta yake. Siku ya pili tukapewa faili la mtu mwingine, kwani Usukumani akina Masanja ni wengi, na machimboni watu hujulikana kwa majina ya utani. Majibu ya makohozi yalionekana siku ya tano, nayo yalikuwa humo humo hospitalini. Siku zote hizo mdogo wangu alikuwa akikohoa kati ya watu.

Siwalaumu wauguzi, maana walikuwa wachache na kazi ni nyingi. Lakini ndugu wasomaji, dawa za kifua kikuu kwa kawaida hunywewa miezi 6. Mgonjwa akikatiza, vijidudu huweza kuwa sugu. Na wachimbaji, kwa vumbi la mawe wanalovuta, wamo hatarini zaidi kuliko wengine.

Vitabu vya MTUHA, vilivyoanza kutumika miaka ya 1990, vimefanya kazi nzuri ya kuieleza Wizara ni wangapi wameugua. Daktari aliye mbele ya mgonjwa anataka kujua zaidi ya hapo: huyu ni nani na alikunywa dawa gani. Kwa sababu hiyo naipongeza Serikali kwa mfumo wa GoTHOMIS uliotengenezwa chini ya TAMISEMI, unaounganisha mapokezi, daktari, maabara, famasia na malipo.

Hata hivyo nina maombi manne. Kwanza, kompyuta zisiishie kwenye dirisha la malipo, kwani fedha zikijulikana na ugonjwa usijulikane, mgonjwa hajasaidiwa. Pili, mgonjwa atambuliwe kwa namba moja, mathalani ile ya kitambulisho cha Taifa, na asiye nacho apewe ya muda. Tatu, mifumo ya hospitali mbalimbali izungumze, ili aliyeanza dawa Geita ajulikane Shinyanga, na hata Bugando akipewa rufaa. Nne, pawe na umeme wa akiba, watumishi wafundishwe, na siri za wagonjwa zitunzwe kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mdogo wangu ilibidi aanze dawa upya. Je, afya ya mtu si mali?

Ni matumaini yangu kwamba wahusika watalifikiria jambo hili.

Mwananchi,
Kahama, Shinyanga.