Leo hatuendi: rubani wa ndege ndogo anaamua vipi hali ya hewa ikichafuka?



Aliyewahi kufika Kizimkazi msimu wa kusi ameshaliona hili. Watalii wamevaa majaketi ya kuokolea, pesa wameshatoa, wanataka kuona pomboo. Nahodha anasimama ufukweni, anatazama mawimbi kule nje, halafu anasema: leo hatuendi. Wageni wananuna, wengine wanadai pesa zao. Mzee wa watu katulia tu.

Sasa mchukue nahodha huyo umuweke angani. Zile ndege ndogo tunazoziona zikikata mkondo kuja Kisauni, rubani wake anajuaje kama leo aruke au abaki? Sizungumzii ndege kubwa za abiria zenye marubani wawili na mitambo ya kila aina. Nazungumzia mtu mwenye leseni yake binafsi na ndege ya injini moja. Huyu anaruka kwa macho. Leseni ya kawaida haimruhusu kuingia mawinguni, mpaka asomee kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake.

Sheria yenyewe ni hivi. Kwa kanuni za kimataifa, kuruka au kutua kwa macho kwenye eneo la uwanja wenye mnara kunataka uone mbele kilomita 5 na wingu lisiwe chini ya futi 1,500, labda mnara utoe ruhusa maalumu. Taarifa anazipata kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla hajawasha injini. Na awe makini na saa, maana zinaandikwa kwa saa za kimataifa: ukiona 0900 jua kwetu ni saa sita mchana. Ukikosea hapo unasoma hali ya hewa iliyokwishapita.

Kwa nini wingu liogopwe hivyo? Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakawawekea hali ya kutoona nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Wastani wao ulikuwa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia!

Kumbe tatizo ni sikio. Ndani yake mna majimaji yanayotuambia tumeinamia wapi. Ndege ikiinama polepole, majimaji yanatulia na mwili unakwambia uko sawa. Ukiinyoosha, mwili unakwambia sasa ndio unapinduka! Ukiusikiliza, ndege inazunguka huku inashuka mpaka chini.

Na si lazima liwe wingu. Tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy Jr., mtoto wa yule rais wa Marekani, alirusha ndege yake usiku kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard, akiwa na mkewe na shemeji yake. Hakuwa na cheti cha kuruka kwa vyombo. Taarifa za hali ya hewa hazikumkataza kuruka. Lakini juu ya bahari kulikuwa na ukungu na giza, pale maji yanapokutana na mbingu hapaonekani. Wote watatu walikufa. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo angani. Sisi watu wa visiwani tulisome hilo vizuri. Unguja haina milima ya kugonga, lakini bahari tunayo pande zote.

Wenzetu Kenya milima wanayo. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilianguka kwenye milima ya Aberdare, watu wote 10 wakafa. Hali ya hewa iliwachelewesha hata waokoaji, mabaki yakaonekana siku ya pili yake na ushee.

Basi rubani anafanyaje? Wanafundishwa kujiuliza mambo manne. Mimi mwenyewe nikoje: nimelala, naumwa, mara ya mwisho kuruka lini? Ndege ikoje: mafuta yanatosha kwenda, kurudi na kubaki na akiba? Nje kukoje: wingu, upepo, radi? La nne ndilo linaloua watu: nani ananisukuma?

Hapo ndipo penye kazi khasa. Harusi iko Dar leo jioni. Bosi ana mkutano. Abiria ameshapakia mizigo. Na ukishafika katikati ya safari, kila dakika inayopita inafanya kurudi kuwe kugumu zaidi, kwa sababu "tumeshakaribia". Ndiyo maana rubani mwenye akili huamua akiwa bado ardhini, kichwa kimepoa. Anaandika kwenye karatasi: nikiona wingu limeshuka chini ya futi kadhaa, nageuza. Nikifika mahali fulani mvua bado imeziba mbele, nageuza. Kiwango chake anakiweka juu ya kile cha sheria, khasa akiwa mgeni wa kazi. Akifika pale, hajadiliani tena na mtu wala na nafsi yake.

Na mara nyingi dawa ni kusubiri tu. Mvua ya masika inaweza kupiga saa moja ikapita, na safari ya Dar kwa ndege ndogo ni kama nusu saa. Ukinywa chai Kisauni ukaondoka baadaye, umepoteza nini?

Sasa na sisi abiria tujitazame. Lile swali la nne linatuhusu sisi. Tukimwambia rubani "aah, si mvua tu hii, twende zetu", tumeshajiunga na wanaomsukuma. Siku rubani akikwambia hatuendi, au akageuza njiani, usimnunie. Mpe mkono. Yule nahodha wa Kizimkazi kesho yake ataenda, na wageni wake watawaona pomboo.

Marubani na manahodha mliomo humu, nyie mnaweka mpaka wenu wapi? Karibuni kwenye maoni.