Saa za Zamu ya Usiku

Kuanzia mashamba ya maua na kahawa chini ya Mlima Meru, upande wa Usa River, hadi hoteli za katikati ya jiji la Arusha, mwisho wa mwezi swali ni lilelile: nani aliingia saa ngapi, akatoka saa ngapi, anadai kiasi gani? Ofisi inayotunza mahudhurio kwenye lahajedwali haisumbuki na zamu ya mchana. Muda wa kutoka toa muda wa kuingia, basi.

Shida huanza jua likizama. Mlinzi anayeingia saa 2 usiku na kutoka saa 12 asubuhi huandikwa 20:00 na 6:00, kwani siku ya kompyuta huanza usiku wa manane. Ukitoa 20:00 kwenye 6:00 jibu ni hasi, na Excel hujaza kisanduku alama za reli. Dawa ni =MOD(C2-B2,1)*24, B2 ikiwa muda wa kuingia na C2 wa kutoka. Kwa programu hiyo siku nzima ni 1. MOD hurudisha jibu hasi ndani ya siku, na 24 huligeuza kuwa saa. Jibu: 10.

Hiyo 24 isisahauliwe. Jumla ya saa 45 ikiachwa katika muundo wa kawaida wa muda husomeka 21:00, maana kila zinapotimia saa 24 hesabu huanza upya. Jasho la siku kadhaa limepotea, na hakuna alama yoyote ya kosa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 195 kupata malipo ya saa. Mwenye 390,000 hupata shilingi 2,000, na 3,000 kwa ovataimu. Akikesha zamu 5 za saa 10, =MAX(0,H2-45), H2 ikiwa jumla ya saa za wiki, hutoa 5: shilingi 15,000 kwa wiki, kabla ya nyongeza ya usiku.

Mapumziko ndiyo ambayo fomula haiwezi kuyaamua. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya saa moja ya kupumzika, ambayo mwajiri halazimiki kuilipia. Lakini mlinzi aliyetakiwa kulia chakula chake langoni, tayari kwa lolote, bado yuko kazini na saa hiyo ni yake. Safu ya mapumziko isijazwe 1 kwa wote kwa mkupuo. Aulizwe kwanza msimamizi wa zamu, na mfanyakazi aione karatasi kabla ya malipo kupitishwa.