Hifadhi za Ziwa Victoria Zinasubiri Nauli ya Kichwa

Capri Point, Mwanza, Jumamosi saa nne asubuhi. Wanafunzi wa shule ya msingi wamepanga mstari gatini, wadogo wao wakiwa wamevalishwa majaketi okozi yanayowafika magotini. Mwalimu anahesabu vichwa mara mbili kabla boti haijaondoka. Dakika chache tu, wako kisiwani Saanane, ambako wa kwanza kuwapokea ni pimbi waliojianika juu ya majabali.

Kisiwa hiki kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Mwaka 1964 serikali ilifungua hapa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Udogo huo usimdanganye mtu. Mwenye duka mjini Mwanza anaweza kufunga saa sita mchana, akaipeleka familia kuona swala na tumbili, na kabla ya magharibi wako nyumbani. Safari ni fupi, na gharama ya boti wakigawana watu wengi haimuumizi yeyote.

Hesabu hiyo inakataa ukielekea hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo. Hapo kuna kilomita za mraba 456, msitu mnene, tembo, twiga na nzohe wa kwenye matete. Kuna pia sokwe: kati ya mwaka 1966 na 1969, mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek na shirika lake la wanyamapori la Frankfurt walileta 17 kutoka Ulaya, wengi wakiwa wamezoea kufungiwa, wakawaachia msituni. Walijifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota, wakazaana. Kwangu hiki ndicho kivutio kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, na hata hivyo ni wakazi wachache wa Mwanza waliowahi kukiona.

Tatizo ni boti. Mgeni huikodi nzima, au akodi ndege. Akiwa peke yake, analipia mafuta, nahodha na viti vitupu vyote. Nchi kavu kazi kubwa imeshafanyika: Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa za msafiri wa Geita na Chato. Gari sasa linafika mapema kwenye ufukwe wa kuvukia Rubondo. Pale ufukweni ndipo bei inaporuka.

Mashariki hali ni tofauti. Geti la Ndabaka, lango la Serengeti upande wa magharibi, liko kandokando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Mwanza, kilichobaki ni gari, na magari ya kukodi yapo. Ila akiondoka siku hiyohiyo, hoteli za mjini huishia kumuuzia chai. Hilo wenye hoteli wanaweza kulirekebisha wenyewe, wakiuza usiku mmoja pamoja na Saanane.

Kuna pato jingine ambalo halionekani kwenye daftari la viingilio. Katika maji ya Rubondo uvuvi wa biashara umepigwa marufuku, na sangara na sato huzaliana humo kwa amani. Samaki hawajui mpaka. Wakitoka nje wanaingia kwenye nyavu, kisha mwaloni Kirumba na viwanda vya minofu. Anayeuliza Rubondo inaingiza nini aanzie kwa mama muuza samaki.

Ninachokitaka ni boti moja ya abiria ya kwenda Rubondo, inayouza tiketi kwa kichwa: itoke Ijumaa mchana, irudi Jumapili, hata ikiwa na abiria wanane tu wiki za mwanzo. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na wenye boti wa Chato na Geita wanaweza kuanza na mwezi mmoja wa likizo za shule. Na iwe boti ambayo mtu wa hapa ataiamini. Watu wa ziwa hili walizika ndugu zao baada ya kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, na tena baada ya kuzama kwa MV Nyerere, Septemba 2018. Hawatapanda kwa sababu ya tangazo zuri. Watapanda wakiona idadi ya abiria haijapita viti, na mtu amesimama gatini anahesabu vichwa mara mbili, kama yule mwalimu wa Capri Point.