Matangazo ya biashara yanavyobainisha walengwa wa kituo cha televisheni

Matangazo ya biashara yanayorushwa katikati ya vipindi vya televisheni humwezesha mwananchi kutambua kituo husika kinamlenga nani na, kwa sababu hiyo, iwapo taarifa anayoihitaji inaweza kumfikia kupitia kituo hicho.

Mfanyabiashara anayelipia tangazo hutaka kuwafikia watu wenye uwezo wa kununua bidhaa yake. Kabla ya kulipa, huzingatia takwimu za watazamaji zinazoonesha umri, jinsia, kipato na mahali wanapoishi. Hivyo, bidhaa inayotangazwa huonesha ni watu gani wanaoaminika kuwa mbele ya luninga kwa saa hiyo.

Utaratibu huo si mpya. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, viwanda vya sabuni vilidhamini tamthilia za redio za mchana zilizowalenga akina mama wa nyumbani, na hadi leo tamthilia za aina hiyo huitwa kwa Kiingereza kwa jina linalotokana na sabuni. Julai 1, 1941, tangazo la saa za Bulova lilirushwa na televisheni jijini New York muda mfupi kabla ya mchezo wa besiboli.

Kwa kawaida, tamthilia huambatana na matangazo ya sabuni, mafuta ya kupikia na nepi. Mechi za soka huambatana na michezo ya kubahatisha, bia na vifurushi vya simu. Na taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku huvutia benki, bima, saruji na mabati. Katika vipindi vya katuni hutangazwa biskuti na juisi, kwa kuwa mtoto asiye na fedha anaweza kumwomba mzazi.

Hata hivyo, tangazo moja halitoshi kutoa hitimisho. Inafaa kufuatilia saa ileile kwa siku kadhaa na kuangalia lugha inayotumika, umri wa waigizaji, bei ya bidhaa na mahali inapouzwa.

Aidha, matangazo huwaonesha zaidi wanunuzi kuliko watazamaji wote. Mkulima anaweza kutazama kituo kila siku bila kuona hata tangazo moja la pembejeo, kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mteja. Mkulima huyo akitegemea kituo hicho pekee, tangazo la uandikishaji wa mbolea ya ruzuku linaweza kumpita na msimu ukaanza bila yeye kujiandikisha.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anashauriwa kufuatilia matangazo ya umma kupitia zaidi ya chombo kimoja, ikiwemo redio na mbao za matangazo za ofisi za kijiji au mtaa. Mzazi anayeona tangazo lisilofaa katika kipindi cha watoto anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), inayosimamia maudhui ya utangazaji nchini.