MBOLEA YA TAKATAKA: TUANGALIE TUNACHOTIA

Hakuna mwanachama asiyekuwa na takataka shambani. Majani ya mikarafuu, migomba iliyokatwa, makuti na ukoka uliopaliliwa huzagaa kila mahali, na wengi wetu hukusanya tukatia moto. Hivyo twachoma mbolea yetu wenyewe, kisha twaenda dukani kununua nyingine. Leo twapenda kueleza jinsi ya kuzigeuza taka hizo kuwa mbolea njema, na zaidi jinsi ya kuilinda isichafuke.

Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, mbali na kisima na mbali na majamvi ya kuanikia karafuu. Tandika vijiti chini vipitishe hewa. Kisha panga tabaka kwa tabaka: mapakacha 2 ya vitu vikavu, kwa pakacha 1 la majani mabichi au samadi ya ng'ombe. Majani ya mkarafuu ni magumu na yana mafuta makali, nayo huoza polepole. Yasitiwe peke yake. Lundo lifike mita 1 au moja u nusu kwenda juu, na upana kadhalika, kwani likiwa dogo halishiki moto. Lilowe kiasi cha kwamba ukiminya konzi moja hutoka tone moja au mawili tu.

Moto huo ndio kazi yenyewe. Lundo lililopangwa vyema hupita digrii 55 za Sentigredi, na moto huo ukidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Tumbukiza kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa kiwe cha moto. Kikianza kupoa, pindua lundo, ya nje yaingie ndani, kwa maana pembeni hapapati moto wa kutosha.

Lakini moto hauondoi kila uchafu. Hapa tuseme kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, kwa tamaa ya wingi, tulipokea gari zima la taka za mjini. Kwa macho ilikuwa mbolea nyeusi, nzuri. Tulipoipepeta tulikuta vigae vya chupa, mifuko ya plastiki na betri za tochi. Vigae vingewakata miguu wachumaji wetu, na sumu ya betri haiozi wala haiungui. Ikawa hasara tupu.

Basi vitu hivi visiingie katika lundo:

1. Plastiki, chupa, mikebe, betri, na majivu ya mbao zilizopakwa rangi.

2. Mizizi na magogo ya mkarafuu uliokufa ghafla. Maradhi hayo huletwa na kuvu inayoingia mizizini, na gogo nene halipati moto hadi ndani. Uchomwe pale pale ulipofia.

3. Ndago mbichi. Zianikwe juani kwanza zikauke kabisa.

4. Samadi ya ng'ombe waliolishwa majani yaliyopigwa dawa ya magugu. Dawa nyingine hupita tumboni mwa mnyama zingali na nguvu.

5. Mabaki ya nyama na samaki, yaitayo panya.

Mwani wa ufukweni wafaa, ila uachwe kwanza unyeshewe mvua, chumvi ipungue.

Mbolea huiva kwa miezi 3 au 4. Anayetaka kupandia miche masika aanze lundo Novemba, wakati wa vuli. Iliyoiva haina moto, na hunukia udongo. Kabla ya kuipeleka kwenye miche, changanya kidogo na udongo katika kopo, upande kunde. Zikiota zimejikunja au zisipoota, mbolea hiyo ina kasoro. Ni afadhali kupoteza kunde chache kuliko kupoteza miche.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Kitakachotiwa leo ndicho kitakacholiwa na mikarafuu ya watoto wetu.