Baharini, Sema Kweli na Mheshimu Mwenzio

Leo nazungumza na ndugu zetu wa baharini: manahodha, wanaotembeza wageni, wapiga mbizi, na hata wewe unayekwenda kuogelea Jumapili. Mada yetu ni kujijua na kuzungumza kwa heshima. Huenda ukauliza, je, hilo nalo ni jambo la afya? Naam, sikiliza.

Kijana mmoja alikuja zahanati akilia kwa maumivu ya sikio, damu ikimtoka. Alikuwa na mafua kwa siku tatu. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mbona ukaingia majini?" Akajibu, "Dada, nilisema pua imeziba. Wenzangu wakanicheka mbele ya wageni, nikaona haya."

Wasikilizaji, ukizama mita 10 tu, nguvu inayokubana huwa mara mbili ya ile ya juu. Sikio hujisawazisha kwa hewa inayopita katika kijia chembamba kitokacho nyuma ya pua. Mafua hukiziba kijia hicho, na kiwambo cha sikio huweza kupasuka. Maji baridi yakiingia ndani, mtu hushikwa na kizunguzungu asijue juu ni wapi. Kicheko kile kingeweza kuua.

Basi kabla ya kupanda mashua, jiulize: Nimelala vya kutosha? Nimekunywa pombe? Nina mafua, pumu, kifafa au ujauzito? Nina hasira au hofu? Ikiwa lipo moja, mwambie nahodha. Kusema si uoga.

Nawe nahodha, usimuulize mtu habari za mwili wake kwa sauti mbele ya watu. Mwite kando, umuulize kwa upole. Anayeaibishwa huficha, na kilichofichwa hujitokeza mkiwa mbali na nchi kavu.

Kubalianeni pia kuhusu ishara. Kwa wapiga mbizi, dole gumba juu si "mambo safi", ni "tupande juu". "Sawa" ni duara la kidole cha shahada na gumba. Na yeyote akiomba kupanda, pandeni pamoja, polepole. Maswali baadaye, tena bila kejeli.

Hili si geni kwetu. Anayezuru Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya kaya iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, huelezwa masharti na kufungwa kaniki kabla ya kuingia. Tufanye vivyo hivyo ufukweni: maelezo kwanza, maji baadaye.

Ukiumwa sikio au kuona kizunguzungu baada ya kuzamia, usitie mafuta wala dawa yoyote sikioni. Fika kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuuliza si ujinga, na kukataa kuzamia si aibu. Mimi muuguzi wenu nawatakia afya njema hadi kipindi kijacho. Kwaherini.