Joto Lililojificha Ndani ya Waya

Umeme hauonekani kwa macho, lakini hupimika. Mwenye vipimo viwili tu, yaani volteji na mkondo, anaweza kujua ukinzani wa chombo na nguvu kinayotumia. Zaidi ya hayo, anaweza kuitambua hatari kabla haijawa moto.

Kanuni ya kwanza ilitangazwa mwaka 1827 na Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyefanya majaribio yake alipokuwa mwalimu wa shule mjini Cologne. Ukigawanya volteji kwa mkondo, unapata ukinzani. Kanuni ya pili ni hii: ukizidisha volteji kwa mkondo, unapata nguvu. Volteji hupimwa kwa volti, mkondo kwa ampea, ukinzani kwa omu na nguvu kwa wati.

Tuchukue mfano wa jiko la umeme lililounganishwa kwa waya mwembamba wa kurefushia, wenye urefu wa mita 20. Fundi anapima na kukuta volti 230 kwenye soketi, lakini volti 216 tu kwenye jiko. Mkondo ni ampea 10. Basi ukinzani wa jiko ni 216 ÷ 10, yaani omu 21.6, na nguvu yake ni 216 × 10, yaani wati 2,160.

Je, zile volti 14 zimekwenda wapi? Zimebaki katika waya. Ukinzani wa waya ni 14 ÷ 10, yaani omu 1.4, na nguvu inayogeuka joto humo ni 14 × 10, yaani wati 140. Joto hilo linazidi lile la balbu ya wati 100. Waya ukinyooshwa, joto hutawanyika hewani. Lakini ukiviringishwa au kufunikwa kwa zulia, joto hukusanyika, ganda la plastiki huyeyuka, na nyumba inaweza kuungua.

Sasa tuondoe jiko na kuweka taa zinazotumia ampea 1. Katika waya ule ule hupotea volti 1.4, na joto lake ni wati 1.4 tu. Mkondo umepungua mara 10, lakini joto limepungua mara 100, kwa sababu joto hufuata mraba wa mkondo. Ndiyo maana waya uliohudumia taa kwa miaka mingi bila dosari unaweza kuharibika siku ya kwanza ya kupikia.

Kinga yake ni waya mnene. Eneo la mkato likiongezwa mara tatu, ukinzani hupungua hadi theluthi moja. Aidha, fyuzi lazima ilingane na uwezo wa waya. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi amemwondoa mlinzi mlangoni.

Hesabu hiyo hiyo huongoza gridi ya taifa. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975, husafirisha umeme kwa volti 220,000. Kwa nguvu ile ile, volteji ikizidishwa mara 10, mkondo hupungua mara 10, na joto linalopotea njiani hupungua mara 100.

Wanafunzi wafanye majaribio kwa betri na balbu ya tochi, kamwe si kwa umeme wa soketi. Kanuni ni zile zile.